"Cdt" ndo salamu gani jamani?

Wiki hii nimesoma jibu alilopewa binti mmoja wa Kitanzania anayesoma Ufaransa. Aliomba nafasi ya fildi kwenye ofisi moja, wamemkatalia, sawa, kukataliwa kupo. Kilichoniuma ni pale mwisho: "Cdt". Herufi tatu, eti ndo Cordialement, ile salamu ya Kifaransa ya kufungia barua, kama "kwa moyo mkunjufu".

Ile barua yake niliipitia naye mstari kwa mstari. Juu tuliweka "Madame," (yaani Bibi) basi, bila jina la ukoo, maana kwa kanuni za barua za Kifaransa kumwandikia "Madame Fulani" ni utovu wa adabu, wala hatukuweka "Chère" (mpendwa) kwa sababu hawafahamiani. Chini tukafunga na "je vous prie d'agréer, Madame, mes salutations distinguées" (nakuomba upokee, Bibi, salamu zangu za heshima), na hiyo Madame ya chini lazima ifanane na ya juu, ungeanza na Madame la Directrice (Bibi Mkurugenzi) unamaliza na Madame la Directrice. Halafu ukitanguliza "Dans l'attente de votre réponse" (nikisubiri jibu lako) inabidi uendelee na "je vous prie" (nakuomba), kwa sababu anayesubiri jibu ni wewe, ukiweka "veuillez" (tafadhali wewe upokee) sentensi inageuka kama vile anayesubiri ni yule unayemwandikia. Mtoto kayashika yote hayo kwa lugha aliyoanza kujifunza ukubwani!

Sasa hiyo adabu inadaiwa upande mmoja tu? Mtu akikupa shikamoo unaitikia marahaba hata kama una haraka, na kama shida yake huiwezi ndo kabisa unatakiwa uitikie vizuri, maana hiyo marahaba ndo kitu pekee atakachoondoka nacho. Aliyekataa angeandika mistari miwili tu akaifunga kwa ukamilifu, binti angejua barua yake imesomwa na mtu.

Haya, kwenye imeili za kujibizana siku nzima Cordialement inatosha, hapo sibishani. Na Mademoiselle, jina la kumwita mwanamke ambaye hajaolewa, kuondolewa kwenye fomu za serikali mwaka 2012 nilifurahi sana, mwanamke aulizwe kama kaolewa ili iweje? Ila ile ilifutwa kwa ajili ya heshima, hii ya Cdt ni kwa ajili ya haraka.

Nyie ndugu zetu mnaofanya kazi kwenye ofisi za huko, na mpo wengi, ukipewa barua ya mtoto kama huyu uijibu, tafadhali mwite Madame, maliza na sentensi nzima, na jina lake uliandike bila kukosea.