Mapapai ya kwenye marudio kuleni nyie

Kuna picha inazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp huku Kanda ya Ziwa. Waheshimiwa wamevaa riflekta mpya, wameshika majembe ambayo hayajawahi kugusa udongo, wameinama kwenye eneo lililokuwa mwalo wa kuchenjulia dhahabu. Ardhi ya kijivu, haina hata jani: ni marudio, yaani mabaki ya mawe yaliyosagwa na kutolewa dhahabu. Wanapanda mipapai na miembe. Chini ya picha kuna maelezo: mimea hii itafyonza sumu na kuirudishia ardhi rutuba yake. Halafu mstari mzima wa makofi.

Mipapai jamani.

Kama mpapai unafyonza sumu, sumu inakwenda wapi? Na papai likiiva, tunamkaribisha nani? Najua mtaalamu mmoja atanijibu kwamba metali ya risasi, moja ya sumu za pale, haipandi sana mpaka kwenye tunda, nyingi inaishia mizizini na kidogo kwenye majani. Sawa, nimekubali. Sasa aniambie habari ya vumbi linalotua juu ya lile papai, na ya mtoto anayekaa chini ya mti kulisubiri lidondoke, vidole mdomoni.

Huu usemi wa "kufyonza sumu" umekuwa wimbo wa taifa. Leo ni alizeti, kesho mlonge. Anayeuimba hajawahi kukaa chini akapiga hesabu, kwa hiyo tupige. Hekta moja, ukihesabu sentimita 20 za juu, ina udongo kama tani 2,600. Tuseme kila kilo ina miligramu 500 za risasi, kiwango ambacho kwenye ardhi ya migodi hakimshangazi mtu. Jumla ni kilo 1,300 za risasi. Panda alizeti, istawi vizuri kuliko ya Singida, vuna tani 10 kavu, mashina na majani, na tuwe wakarimu tuseme kila kilo imebeba miligramu 50. Umetoa nusu kilo. Ukivuna mara mbili kwa mwaka, utamaliza kazi baada ya miaka 1,300. Unasema alizeti yako ina nguvu mara kumi? Haya, miaka 130. Na kila msimu una tani 10 za mabua yenye sumu ambayo huwezi kulisha ng'ombe wala kupikia, na mbegu ambazo mtu lazima atazikamua mafuta tu, tunajuana.

Zebaki, ile wanayokamatia dhahabu, ndiyo kabisa. Sehemu kubwa ya zebaki inayokutwa kwenye majani haikupanda kutoka mizizini, imeingia kutoka hewani. Yaani ile mboga iliyo jirani na kibanda cha kuchomea dhahabu inavuta moshi. Mnanunua matembele ya pale kwa sababu yananawiri, maji ya mwalo hayakatiki.

Ipo mimea michache inayofyonza kweli, sikatai. Kuna kangaga mmoja, Pteris vittata, ambaye watafiti wa Florida walionyesha mwaka 2001 kwamba anavuta arseniki, sumu nyingine ya kwenye mawe, kwa kiwango cha kutisha. Lakini huyo ni arseniki, siyo kila kitu, na sijaona mheshimiwa akipanda kangaga.

Kazi ya mmea kwenye ardhi kama hii ni kuwa mfuniko wa sufuria. Mizizi inashika udongo usipeperuke Julai na Agosti, usisombwe na mvua mpaka mtoni, na metali zibaki chini zilipo. Ndiyo maana unachagua mmea unaoacha sumu mizizini badala ya kuipandisha kwenye majani, maana mbuzi hajui kusoma kibao cha hatari. Ndiyo maana nyasi ya vetiva inasifiwa: mizizi yake inazama mita tatu na zaidi, na aina inayopandwa haisambai kwa mbegu.

Na mmea haushiki kama udongo haujatibiwa. Hapa ndipo picha za waheshimiwa zinanitoa povu. Marudio si udongo. Ni unga wa mawe uliotoka kwenye karasha, mashine ya kusagia mawe, hauna mboji wala wadudu. Ukikauka ni vumbi, ukilowa unaganda kama saruji. Mawe yenye salfa yakipata hewa na maji yanatoa asidi, na asidi ndiyo inayozilegeza metali zitembee. Unachomeka mche pale, unamwagia ndoo moja, unapanda gari lenye kiyoyozi. Ukifa wiki ya tatu, utasikia wananchi hawana utamaduni wa kutunza miti.

Nendeni Lubumbashi, Kongo, mkaone jambo hili lilivyoshikwa na watu makini. Tanuru la shaba la pale lilianza kuyeyusha mwaka 1911, na kwa miongo mingi moshi wake ulikuwa ukitua upande unakoelekea upepo, mpaka eneo la Penga Penga likawa kipara. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi hawakufika na miembe. Walitibu udongo kwa chokaa na mboji, wakajaribisha nyasi, hasa za vilima vya shaba vya Katanga, zilizozoea udongo unaoua mimea mingine. Mojawapo ya majani waliyoyajaribu ni ukoka. Ukoka huu huu tunaoung'oa shambani kwa matusi!

Mtu atanitajia Bamburi ya Mombasa. Ndiyo, mwaka 1971 René Haller alianza kupanda miti kwenye machimbo ya kiwanda cha saruji, akajaribu aina 26 na tatu tu ndizo zilizohimili, mvinje ukiwemo. Ila lile lilikuwa jiwe la chokaa, halikuwa na sumu ya metali. Na hata pale, msitu haukusimama mpaka walipoletwa majongoo kula majani makavu ya mvinje na kuyageuza udongo. Udongo kwanza, hata kwa jongoo.

Haimaanishi kumwaga chokaa kila mahali. Chokaa inazituliza shaba, zinki, risasi na kadimiamu, lakini arseniki, ambayo mara nyingi hukaa pamoja na dhahabu mwambani, inaweza kulegea zaidi asidi ikipungua. Fosfati nayo inaifunga risasi vizuri sana na kuifungulia arseniki mlango. Kwa hiyo pimeni. GST, taasisi ya jiolojia ya serikali, wana maabara Dodoma, na SUA, chuo kikuu cha kilimo, wana maabara Morogoro. Gharama ya mahema na maji ya chupa ya hafla ile ingetosha kupima sampuli za kutosha.

Shemeji yangu ana karasha. Nilimuuliza kwa nini marudio yake yako wazi miaka yote, hata turubai hakuna. Akacheka. "Shemeji, hizo si taka, hizo ni pesa zimelala." Ana hoja, kwa bahati mbaya. Zebaki mara nyingi haikamati hata nusu ya dhahabu, kwa hiyo marudio yanasubiri mwenye plant ya sayanaidi, kemikali inayoyeyusha dhahabu iliyobaki, aje ayanunue. Nani apande nyasi juu ya mtaji wake? Basi angalau pale yalipokwisha kuzolewa, na ule mkondo chini ya mwalo, patibiwe. Hao wenye plant wananunua chokaa kila siku ili sayanaidi isigeuke gesi ikawaua. Chokaa ya dhahabu ipo. Ya ardhi inasubiri bajeti.

Migodi mikubwa angalau Sheria ya Madini ya 2010 inawadai fedha za dhamana ya kurekebisha ardhi, na baadhi wanatunza udongo wa juu na vitalu vya miti ya asili. Sitawasifia zaidi ya hapo. Mchimbaji mdogo hana dhamana yoyote, akimaliza anahamia kwenye rashi nyingine, pale dhahabu mpya ilipolipuka.

Atakayeniambia samadi ni ghali namwambia hivi: ukichanganya samadi asilimia tano ya zile tani 2,600 za udongo, ni tani 130, safari 13 za lori la tani kumi. Hii ni nchi ya Wasukuma, samadi imejaa mazizini mpaka inachomwa moto. Na halmashauri inakata ushuru wa huduma kwenye dhahabu inayopita soko la madini. Toeni humo lori, chokaa, mche wa vetiva na uzio wa kuzuia mbuzi. Miembe pelekeni shuleni.