Majeruhi asiwekwe dole kabla hajamwona avoka (wakili)

Watu wa kartie yetu wanasema yule kijana aliyeumia kiwandani amepata bahati. Kampuni imemlipia hospitali, imempa dola 600, na juu yake imetuma mfuko wa unga nyumbani. Maneno hayo nimeyasikia kwenye teksi ya kwenda mtaa wa Kenya hapa mjini, nimeyasikia mbele ya duka, nimeyasikia hata tukitoka misa, na kila mara nashindwa kunyamaza. Mkanda wa kiwanda umemla mkono wa kulia mpaka kwenye kiwiko. Ana watoto watatu, na tangu aanze kazi anaishi kwa nguvu za mikono yake. Bahati iko wapi hapo?

Mimi naona hivi: hapa Lubumbashi haki ya mfanyakazi aliyeumia inakufa mapema, kabla mahakama haijaisikia. Inakufia kitandani, siku zile za kwanza, mtu wa ofisi anapoingia wodini na karatasi.

Karatasi ya kijana huyo nimeishika mkononi. Ni ukurasa mmoja, umejaa Kifaransa cha ofisini, umepigwa muhuri wa kampuni juu na chini. Mahali pa sahihi kuna alama ya dole gumba kwa wino wa bluu, imetambaa kidogo pembeni kama ya mtu aliyeshikwa mkono akawekewa. Dole lenyewe ni la kushoto. Alikuwa bado kwenye serumu, yaani dripu, mke wake ametoka kutafuta chakula, na yule mtu wa ofisi akamwambia: «Weka dole hapa, papa, tumalize bintu, dawa ni bei.» Hakuna aliyemsomea. Karatasi inasema amepokea malipo ya mwisho ya kila kitu na hana tena dai lolote kwa kampuni.

Sasa sikilizeni. Sheria ya kazi ya nchi hii, namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, inasema maneno ya namna hiyo hayamfungi mfanyakazi. Hata kama ametia sahihi kwamba amelipwa yote, haki anazozipata kwa mkataba wake zinabaki. Lakini majeruhi hajui. Anaikunja karatasi, anaificha chini ya godoro, na mwaka mzima anaamini kwamba ameuza mkono wake kwa dola 600 na biashara imekwisha. Karatasi haina nguvu mbele ya jaji, ila ina nguvu kubwa mbele ya mtu mwenye homa asiyekuwa na wa kumuuliza.

Kuna na jambo la pili linaloniumiza zaidi. Walimwambia ni yeye aliyekosea, kwamba alisogelea mkanda ukiwa unazunguka. Naye amelimeza, analirudia kila anapoulizwa, huku ameinamisha kichwa. Jamani! Ajali ya kazi ni ajali ya kazi, mfanyakazi awe amekosea au hajakosea. Ndiyo maana ya bima hii. Mwajiri peke yake ndiye anayeilipia katika CNSS, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, asilimia 1.5 ya mshahara, na mfanyakazi hakatwi hata franka moja kwa ajili ya tawi hilo. Kwa mchango huo majeruhi anastahili matibabu, malipo ya siku asizoweza kufanya kazi, na akibaki na kilema, pensheni au malipo ya mkupuo kulingana na kiwango cha kilema chenyewe. Akifa, mjane na watoto wana fungu lao. Hata aliyegongwa na pikipiki akitoka nyumbani kwenda kazini amo. Hizo dola 600, hata zikitolewa kwa moyo safi kabisa, haziwezi kukaa mahali pa haki hiyo.

Kwa nini basi kampuni inakimbilia pesa taslimu? Kwa sababu ajali ikitangazwa, mambo mengine yanafunuka. CNSS itauliza: mtu huyu aliandikishwa lini? Michango yake iko wapi? Inspekta wa kazi atauliza kama mkanda ulikuwa na kizuizi. Kuandikisha mfanyakazi ni wajibu wa mwajiri, na wengi hawaandikishi, hasa hizi kampuni za sutretansi, zinazoajiri watu kwa ajili ya kampuni kubwa, zinazobadilisha jina kabla hujazoea bango lake. Mwaka 2021 shirika la RAID la Uingereza na wanasheria wa CAJJ wa Kolwezi walichunguza migodi mitano mikubwa ya kobalti ya upande ule, wakakadiria kwamba asilimia 57 ya wafanyakazi wako chini ya kampuni za namna hiyo. Ukiumia, mwenye mgodi anakwambia wewe si wake. Aliyekuajiri naye ana chumba kimoja na simu isiyopokelewa.

Wazee wa Gécamines, kampuni ya migodi ya serikali, watanijibu kwamba zamani kampuni ilikuwa na hospitali yake na kila mtu alikuwa na fishi (kadi) yake. Ni kweli, na wana haki ya kusikitika. Lakini hata enzi za Union Minière, kampuni ya Wabelgiji iliyoitangulia, hakuna kilichotolewa kwa huruma. Desemba 1941 wafanyakazi waliodai nyongeza ya mshahara walipigwa risasi kwenye uwanja wa mpira wa mji huu huu, ulipoitwa Élisabethville.

Nakubali, CNSS inachelewa. Nakubali pia kwamba mtu mwenye watoto wenye njaa hawezi kukataa pesa iliyo mezani, na sitamlaumu aliyeipokea. Achukue. Aandikiwe risiti ya pesa aliyopokea, basi, bila kuongezewa sentensi ya kumfunga mdomo.

Kuhusu avoka, watu wanaogopa bei, na wana sababu. Lakini tangu 1979 sheria ya mawakili inataka kila barreau, yaani chama cha mawakili, iwe na ofisi ya ushauri wa bure kwa wasio na uwezo. Unaonyesha hati ya umaskini, unasikilizwa. Kabla ya mahakama, shauri linapita kwanza kwa inspekta wa kazi kwa upatanisho, na hapo ndipo majeruhi wengi wanapomezwa, kwa sababu kampuni inakuja na mwanasheria wake na yeye anakuja na shemeji yake. Na muda unakwenda: madai yatokanayo na mkataba wa kazi yana miaka 3, ya mshahara mwaka 1 tu.

Kwa hiyo naiomba barreau ya Lubumbashi jambo moja. Ofisi hiyo ya bure isingoje majeruhi apande teksi na bandeji yake kuja kuitafuta mjini. Iweke meza Hospitali ya Sendwe, hata asubuhi mbili kwa wiki, na nyingine kwenye zahanati zinazopokea watu wa viwanda vya Kampemba. Avoka kijana aliye kwenye staji, bado anajifunza kazi, anatosha, akiwa na daftari, na mtu wa kumpeleka CNSS kuhakikisha ajali imetangazwa. Karatasi ya kampuni ikija, aisome kwa sauti, kwa Kiswahili, mke wa majeruhi akiwepo. Kampuni yenye nia njema haitapoteza kitu hapo. Na wauguzi wa dharura wapewe namba ya simu ya meza hiyo, ili gari la kampuni likishusha mtu usiku, avoka awe ameshajua kabla ya asubuhi.