Nyumba kubwa au mtaa wenye watu?

Kwa kiasi kilekile cha fedha, mnunuzi wa nyumba mara nyingi huwekewa vitu viwili mbele yake. Kimoja ni nyumba ya vyumba vinne kando ya barabara kubwa, mbali na kazini, rangi bado inanukia upya. Cha pili ni nyumba ya vyumba viwili, sakafu imechakaa, katika mtaa ambao watoto wanacheza nje na watu wazima wanaitana kwa majina. Afisa mikopo, dalali na nusu ya ukoo watamshauri achukue kubwa. Akichukua ndogo, wanasema moyo umemtawala. Mimi naamini huyo wa nyumba ndogo amepiga hesabu vizuri kuliko tunavyomdhania, ila hesabu yake haimo kwenye karatasi yoyote anayopewa mnunuzi.

Wenye hesabu za vyumba wasikilizwe kwanza, maana hawasemi upuuzi. Mkopo wa nyumba ni miaka 20, 25, hata 30, na kwa watu wengi hilo ndilo deni kubwa kuliko yote watakayobeba maishani. Vyumba vinahesabika, hati inasomeka, paa linakaguliwa. Ujirani hauandikwi kwenye mkataba. Jirani uliyempenda siku ya kutazama nyumba anaweza kuhama mwezi unaofuata, akaja mwingine wa kupiga muziki mpaka alfajiri. Kwa nini ulipie kitu ambacho muuzaji mwenyewe hakimiliki?

Swali hilo ni zito. Lakini hesabu yao nayo imesimama juu ya dhana moja: kwamba nyumba kubwa, mambo yakiharibika, utaiuza kwa faida. Robert Shiller, mchumi aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2013, alikusanya bei za nyumba za Marekani kuanzia 1890 na kuondoa mfumuko wa bei. Kwa miaka mia moja ya kwanza, bei halisi zilipanda kidogo mno. Baadaye, kati ya 2006 na 2012, bei za nchi hiyo zilianguka kwa zaidi ya robo. Japani bei za ardhi zilianza kuporomoka mwaka 1991 na zikaendelea kushuka kwa zaidi ya miaka kumi. Mtu ambaye bei imemgeukia namna hiyo hauzi, anakaa. Na akikaa, hakai na bei, anakaa na mtaa.

Nilimsindikiza mdogo wangu na mumewe kutazama nyumba. Dalali alitupeleka Jumapili saa sita mchana. Nyumba ilikuwa kubwa, jiko pana, mwanga unaingia kila chumba, na mdogo wangu alikwisha kuanza kupanga kitanda kipi kikae wapi. Nikawaomba turudi Jumatatu saa kumi na mbili jioni, bila dalali. Tulisimama getini, shemeji akaniuliza jambo, nikaona midomo inacheza tu, sauti haikunifikia. Malori yalikuwa yanafuatana. Ng'ambo ya barabara palikuwa na mama amekaa nje ya mlango wake, na hatukuweza hata kumsalimia. Nikaukumbuka utafiti mmoja ambao nimetembea nao kichwani kwa miaka mingi.

Mwishoni mwa miaka ya 1960, mtaalamu wa mipango miji Donald Appleyard alichagua mitaa mitatu ya San Francisco iliyofanana kwa sura na kutofautiana kwa wingi wa magari. Wa kwanza ulipitiwa na magari yapata 2,000 kwa siku, wa pili zaidi ya 8,000, wa tatu karibu 16,000. Akawauliza wakazi wana marafiki wangapi na watu wa kufahamiana wangapi katika mtaa wao. Kwenye mtaa tulivu, wastani ulikuwa marafiki 3.0 na watu wa kufahamiana 6.3. Kwenye mtaa wenye magari mengi, marafiki 0.9 na watu wa kufahamiana 3.1.

Hiyo 0.9 ndiyo inayonikosesha raha. Maana yake ni kwamba, kwa wastani, mkazi wa mtaa ule hakuwa na rafiki hata mmoja kamili kati ya watu waliomzunguka. Appleyard aliwaomba pia waoneshe kwenye ramani eneo wanaloliona kuwa ni kwao. Watu wa mtaa tulivu walichora mtaa mzima, barabara ikiwemo. Watu wa mtaa wa magari walijikunja, wakaishia kwenye jengo lao au ndani ya nyumba zao. Tafsiri yake kwa mnunuzi ni hii: aliyelipia vyumba vinne penye magari 16,000 amepata vyumba vinne, basi. Aliyelipia viwili penye magari 2,000 amepata viwili pamoja na mtaa.

Na marafiki watatu wa mtaani si pambo. Mmoja anashika ufunguo wako ukisafiri. Mwingine anaona taa yako haikuwashwa jana, anabisha hodi. Wa tatu anamchukua mtoto wako kutoka shuleni siku uliyokwama. Ndugu wanaokupenda kweli wanaweza kuwa mbali, na fimbo ya mbali haiui nyoka.

Msomaji makini atanikatiza hapa, na ana haki. Pengine wapenda watu ndio wanaochagua mitaa tulivu, na wasiojali majirani ndio wanaobaki kwenye mitaa ya magari. Ni kweli pia kwamba mtaa ule wa tatu ulikuwa na wapangaji wengi, na familia zenye watoto zilikuwa chache. Basi tutazame mahali ambapo hakuna aliyechagua jirani. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, chuo cha MIT kule Marekani kilikuwa na makazi ya Westgate kwa wanafunzi waliooa. Nyumba ziligawiwa kadiri zilivyopatikana. Ulipokea mlango uliokuangukia. Leon Festinger na wenzake wakachunguza nani alifanya urafiki na nani, wakachapisha matokeo mwaka 1950. Katika majengo ya ghorofa, asilimia 41 ya waliopakana milango walitajana kuwa marafiki. Kwa wale walioishi ncha mbili za baraza moja, asilimia 10. Umbali kati ya ncha hizo haukuzidi mwendo wa hatua arobaini.

Kuna jambo jingine kule Westgate ambalo kila mnunuzi angepaswa kulijua. Nyumba nyingi zilitazamana kuzunguka ua wa pamoja, lakini chache za mwishoni zilitazama barabara, zikaupa ua kisogo. Waliopangiwa hizo walipata marafiki pungufu ya nusu ya wenzao. Hawakuwa wakali wala wenye haya kuliko wengine. Mlango wao uliwatoa nje upande usiokuwa na mtu. Vivyo hivyo, walioishi karibu na ngazi na masanduku ya barua walijuana na watu wa ghorofa nyingine, kwa sababu kila siku lazima mtu apite pale.

Hapa ndipo lile swali la wenye hesabu linapopata jibu. Wanasema ujirani hauuzwi kwa sababu watu huhama. Kweli, watu watahama. Lakini mlango hauhami, wala ngazi, ua, upana wa barabara na njia ya kwenda shule kwa miguu. Vitu hivyo vilevile vitamkutanisha mnunuzi na jirani mpya kama vilivyomkutanisha na wa zamani. Muuzaji hamiliki majirani, lakini mahali pa kukutania ni sehemu ya anachokiuza, awe anajua au hajui.

Uzito wa jambo hili ulionekana kwa uchungu huko Chicago mwezi Julai 1995, joto kali lilipoua watu zaidi ya 700 kwa siku chache. Wengi walikuwa wazee waliokaa peke yao. Mwanasosholojia Eric Klinenberg alilinganisha maeneo mawili yaliyopakana, North Lawndale na South Lawndale, yote yakiwa na maskini wengi na wazee wengi wa kuishi peke yao. Katika eneo la kaskazini vifo vilifika kama 40 kwa kila watu 100,000. Katika la kusini havikufika hata 4. Kaskazini kulijaa viwanja vitupu na majengo yaliyotelekezwa, na wazee waliogopa kutoka. Kusini barabara za maduka zilikuwa na watu mchana kutwa, mzee alikuwa na pa kwenda na mtu wa kumuuliza mbona jana hakuonekana. Jua lilikuwa moja na jiji moja. Sijui mita za mraba ngapi mtu angeongezewa ili zimfae kama swali hilo.

Umbali wa kazini nitaugusa kwa kifupi. Wachumi Bruno Frey na Alois Stutzer walichambua takwimu za Ujerumani na kukuta kwamba wenye safari ndefu za kila siku waliridhika na maisha kidogo kuliko wenzao, ilhali nadharia inasema nyumba nzuri au mshahara mnono ungewafidia. Haukuwafidia. Chumba cha ziada mtu hukizoea baada ya miezi michache. Foleni ya asubuhi huja upya kila siku, na muda unaoliwa nayo ndio ambao ungesimama mlangoni ukaongea na mtu.

Ipo hoja moja ya upande wa pili ambayo sina ubavu wa kuikanusha, na sitaki. Neno "mtaa wenye watu wazuri" limetumika kufanya dhuluma. Marekani, kwa miongo mingi, hati za nyumba katika mitaa mingi ziliandikwa masharti ya kuzuia zisiuzwe kwa watu weusi, kwa jina la kulinda ujirani. Mwaka 1948 Mahakama ya Juu Kabisa ya nchi hiyo, katika kesi ya Shelley dhidi ya Kraemer, ilisema mahakama haziwezi kuyatekeleza masharti hayo, na sheria ya makazi ya 1968 ikapiga marufuku ubaguzi katika kuuza na kupangisha. Hata bila ubaguzi wa wazi, mtaa unaosifiwa hupanda bei, na waliouchangamsha hushindwa kodi wakaondoka. Mwanasosholojia Ruth Glass aliliona hilo London mwaka 1964, mitaa ya wafanyakazi ilipokuwa inachukuliwa nyumba moja baada ya nyingine na wenye uwezo. Mnunuzi anayefuata uchangamfu anaweza kuwa yeye ndiye anayeuua.

Kwa hiyo ninapomshauri mtu anunue mtaa, simwambii achunguze majirani ni kabila gani au wana kipato gani. Nakataa kabisa swali hilo. Namwambia atazame umbo la mahali. Singapore ni mfano unaonipa moyo. Takriban wakazi wanane kati ya kumi wanaishi katika majengo ya shirika la nyumba la serikali, HDB, na tangu 1989 kuna viwango vya idadi ya kila kabila katika jengo na mtaa, ili watu wasijitenge. Sera hiyo ina gharama yake, maana muuzaji anaweza kunyimwa mnunuzi kwa sababu ya kabila tu. Lakini katika mengi ya majengo hayo ghorofa ya chini kabisa imeachwa wazi, haina nyumba, ni kivuli na sakafu. Hapo wazee hukaa, misiba hufanyika, harusi huandaliwa, na mtu anayeelekea kwenye lifti hupita katikati ya wenzake akitaka asitake.

Mipaka ipo, tena migumu. Sitamwambia mtu anunue nyumba yenye mgogoro wa hati kwa sababu mtaa unapendeza, wala yenye msingi uliopasuka, wala atoe rejesho la mkopo linalomnyima usingizi. Familia ya watu saba haitoshi vyumba viwili kwa maneno matamu. Ambaye fedha hazimfikii apange kwanza mtaa huohuo. Ujerumani zaidi kidogo ya nusu ya watu ni wapangaji, na ujirani haumuulizi mtu hati yake. Ninachodai ni kwamba mtaa uingie kwenye hesabu kwa kipimo, kama vyumba vinavyoingia. Mnunuzi aende asubuhi ya siku ya kazi, aende na jioni. Asimame dakika kumi ahesabu magari. Atazame milango inaelekea wapi, kama pana mahali pa kukaa bila kununua kitu, kama mtoto wa miaka minane anaweza kutumwa peke yake na akarudi.

Mdogo wangu na mumewe waliifanya kazi hiyo kwenye nyumba ya pili, ile ndogo. Kwa dakika kumi za jioni, vidole vya mikono miwili vilitutosha kuhesabu magari. Kabla hatujamaliza, mzee mmoja alitoka kwenye nyumba ya pili kutoka pale, akauliza tunamtafuta nani. Shemeji akamwambia tunatazama nyumba. Mzee akatuonesha mahali maji ya mvua yanapotuama, kitu ambacho dalali hakukitaja, na hilo likawapa nguvu ya kupunguziwa bei. Waliinunua. Chumba cha wageni hakuna. Mama akija hulala na wajukuu, na mdogo wangu bado analisikitikia lile jiko pana.