Nimelipa laki mbili na ushee halafu naambiwa niteme

Jamani naomba mnisikilize maana nyumbani hakuna anayenisikiliza. Kuna watu kwenye nchi hii wanalipa hela, tena hela ya maana, wanapelekwa mahali wanamiminiwa waini kwenye glasi kubwaaa yenye mguu mrefu, waini yenyewe imeishia huko chini hata haijafunika kitako cha glasi, halafu ukishaiweka mdomoni unasogezewa ndoo unaambiwa teme. Teme! Mimi nimekulia Tabata, kwetu ukitema kitu ambacho mtu amekununulia unapigwa kofi na mtu mzima yeyote aliye karibu, hata kama hakujui jina.

Chanzo ni Mama Zawadi. Yupo kwenye magrupu ya whatsapp ambayo sijui hata aliingiaje, na tangu treni ya umeme ianze kwenda Dodoma mwaka 2024 kila kijana mwenye simu na kofia amegeuka mtu wa utalii. Basi likaja tangazo, tripu ya siku moja, watu wachache, mashamba ya zabibu, kuonja waini, kutembelea wazalishaji wa vyakula vya asili, jioni mko Dar. Laki mbili na ishirini kwa kichwa. Na sisi ni vichwa viwili. Nikakaa chini nikapiga hesabu, nauli ya kawaida ya hiyo treni ilivyotangazwa ilikuwa elfu 31 kwenda, elfu 31 kurudi, jumla 62, haya niambie hiyo laki na hamsini na nane inayobaki inaenda kununua nini? Mama Zawadi akanijibu bila hata kunyanyua macho, "Unalipia uchache wa watu Baba Zawadi." Mimi maisha yangu yote nalipa nauli kwa kubanana, sikujua kwamba uchache unauzwa. Nikatuma hela, na makato juu.

Siku ya safari tumetoka na bajaji saa kumi usiku ili tuwahi geti la stesheni. Nilikuwa nimeandaa chapati zangu kwenye mfuko, za jana yake ila nzima kabisa, Mama Zawadi akazitoa akazirudisha jikoni. Eti tukienda na tumbo limejaa tutaharibu ulimi, mratibu ameandika kwenye grupu. Ulimi wangu umeshawahi kula samaki wa feri saa sita mchana juani, leo uharibiwe na chapati? Lakini nikanyamaza, sababu ugomvi wa saa kumi usiku mwanaume huwa hashindi.

Treni sina neno nayo, ile kitu inatembea hadi kilomita 160 kwa saa, unaiona Pugu, ukigeuka kumtafuta mtu wa kupiga naye stori ushafika Ruvu, Morogoro milima ile pale, na kama masaa manne hivi unashuka Dodoma, ambapo kwa basi zamani tulikuwa tunaondoka asubuhi tunafika tumezeeka. Sasa kufika haraka ndio kukaanza kuniumiza maana nilifika na njaa yangu mbichi kabisa, haijapata muda wa kuzoea.

Nje kuna kosta ndogo inatusubiri, na dogo mratibu, kijana mzuri tu ana heshima zake, ila kila akiongea na mimi anaanza na shikamoo mzee, hata kama tumeachana dakika tano. Na wenzetu wa safari ndio hao. Wadada wawili waliokuja na nguo za kubadilisha, wachumba fulani walioshikana mikono hadi wanavyopanda gari mlango unawashinda, kaka mmoja wa Moshi ambaye kila kitu alikuwa anakilinganisha na mbege, pombe ya ndizi ya kwao, na mbege inashinda, Da Mwanaidi jirani yetu ambaye hanywi pombe kabisa ila alisema amekuja kutembea tu, na mzee mmoja wa Masaki amevaa kofia ya ukindu. Huyo wa kofia mumkumbuke.

Tukaenda shambani kwanza, kijiji kimoja nje ya mji, jua limeanza kuchoma na upepo unapiga vumbi. Hapo nisiwe mnafiki, nilisikia mambo. Kumbe zabibu Dodoma zinavunwa mara mbili kwa mwaka, kuna ule msimu wa mwezi wa pili na wa tatu, na huu wa mwezi wa nane na wa tisa tuliokwenda sisi. Ulaya wanavuna mara moja, kule baridi ikiingia mzabibu unalala mpaka hali ya hewa ibadilike, sasa Dodoma baridi ya kuulaza mti hakuna, ukishavuna unaupogoa matawi, unachipua upya, unaanza kazi tena. Yaani mti hauna likizo. Nikaugusa nikaupa pole, maana mimi mwenyewe likizo yangu naiomba kwa HR kama msamaha wa Rais. Wakasema mbegu hii walianza nayo wamisionari wa Kikatoliki miaka ya 1950 huko, wakitaka divai ya misa, ndio ikasambaa kwa wakulima, na aina inayotamba sana pale inaitwa Makutupora nyekundu, kwa jina la pale pale kwenye kituo cha utafiti.

Sasa mimi nimesimama katikati ya vichala vimening'inia usawa wa pua, tumbo linanguruma, nikanyoosha mkono. "Shikamoo mzee, tafadhali tusichume." Nikarudisha mkono.

Mkulima mwenye shamba akatueleza shida yao kubwa ni soko, kwamba zabibu ikiiva haikusubiri, mnunuzi akichelewa siku chache tu inaharibika yote, ndio maana wengine wanakamua na kuhifadhi mchuzi wa zabibu kwenye matanki wauze taratibu. Niliposikia mchuzi nikamminya Mama Zawadi, nikamwambia kama mchuzi upo basi wali hauko mbali. Kumbe mchuzi wenyewe ndio waini ambayo haijamaliziwa. Hamna wali.

Kiwandani sasa. Matanki yanang'aa, kuna ubaridi, dogo anaeleza kwamba hamira inakula sukari ya zabibu inatoa kilevi na gesi, kwamba nyekundu inapata rangi kwa sababu wanaiacha ichachuke pamoja na maganda yake, nyeupe maganda yanatolewa mapema. Kaka wa Moshi akasema mbege haina usumbufu huo. Tukakaa mezani. Mbele yangu glasi tano. Nikasema moyoni sawa, glasi tano, laki mbili na ishirini, angalau elfu arobaini na nne kila glasi, na moja ikijaa vizuri nitasamehe.

Ndugu zangu. Yule dada anayemimina alikuwa na mkono mwepesi huo, sijawahi kuona. Anainamisha chupa, inalia tone, anainyanyua. Nikamwambia dada yangu ongeza ongeza usiogope, akacheka akaenda kwa mwingine. Zile tano zote ukizikusanya pamoja hazijazi chupa ya soda, na mimi nimeziangalia kwa makini sababu sikuwa na kingine cha kuangalia.

Halafu hunywi! Kwanza unaiangalia kwenye mwanga. Nimeiangalia. Unaizungusha ili harufu ipande. Nikazungusha, robo ikaruka ikaenda kwenye shati, sasa kwenye tone kuna robo ya kupoteza kweli? Unanusa. Unavuta kidogo unaizungusha mdomoni. Halafu ndio ndoo. Sababu eti ukimeza zote tano ulimi unalewa, huwezi kutofautisha. Nani amekuja hapa kutofautisha?

Mzee wa kofia akafumba macho, akanusa, akasema, "Napata tumbaku... ngozi kwa mbali... na matunda meusi." Meza nzima ikaitikia mmmh. Mimi nikanusa yangu nikapata waini. Nikanusa tena, waini. Nikamuuliza kwa upole tu, mkubwa, ngozi ya nini? Ya ng'ombe au ya kiatu? Na uliilamba lini mpaka leo unaikumbuka? Mama Zawadi akanikanyaga chini ya meza. Dogo akanigeukia, "Mzee wetu unapata nini?" Nikasema ukweli, ile nyekundu kavu inakausha ulimi, ina ukakasi ule wa bibo ambalo halijaiva. Mnajua dogo alifurahi? Akasema hapo hapo mzee, huo ukakasi unatoka kwenye maganda na mbegu, umepatia. Watu wakanipigia makofi. Mzee wa kofia hakupiga.

Mimi sikutema, niseme tu. Ndoo ikifika kwangu nainama, nakohoa kidogo kwa adabu, naipitisha kwa jirani.

Lakini kilichoniua ni Da Mwanaidi. Kwa vile hanywi pombe wakamletea juisi ya zabibu. Glasi nzima! Imejaa hadi mdomoni, ya baridi, jasho linatiririka nje ya glasi. Akamaliza wakamwongeza. Hakuna aliyemwambia zungusha, hakuna aliyemletea ndoo, kanywa zake taratibu anajipepea na mtandio, akaniuliza, "Shem mbona umenywea?" Nikamwambia nimechoka na safari.

Kutoka pale tukapelekwa kwa wazalishaji. Asali, kijiko cha aiskrimu, kile kibao. Mafuta ya alizeti, kijiko cha aiskrimu, sasa mafuta unaonjaje makavu hivyo bila chipsi? Ubuyu wakatueleza vizuri sana, unga wake, na mbegu zinavyokamuliwa mafuta ya kupaka, hakuna ile rangi nyekundu na sukari tuliyoizoea, mchachu wa asili kabisa, na mimi nimekuwa nikinyonya ubuyu tangu darasa la pili kwa hela ya nauli, leo napewa punje moja nitafakari. Wadada wakabadilisha nguo, wakapiga picha na mbuyu.

Chakula cha mchana nilikuwa nimekiwekea matumaini yote. Nyumba ya mama mmoja mtu mzima, Mgogo wa pale pale, kanga safi, tukamwamkia, tukakalishwa chini ya mti. Ikaja sahani nyeupe kubwa, katikati kuna ugali wa uwele umekatwa ukubwa wa kiberiti, pembeni mlenda umechorwa mstari. Umechorwa! Juu karanga tatu. Nikaweka mdomoni, na hapa ndipo hasira yangu ilipo, ulikuwa mtamu. Ule mlenda wa majani makavu yaliyotwangwa, umeungwa karanga, unateleza wenyewe unajua njia. Ungekuwa mbaya nisingelalamika, ningesema wamenisaidia. Nikaomba nyongeza, dogo akasema, "Mzee hii ni sampuli tu, tunabakiza nafasi." Nafasi ya nini, na ratiba imeisha?

Nikajifanya naenda kunawa. Nikamkuta yule mama jikoni amekaa pembeni ya sufuria kubwa limejaa, mvuke unatoka, ananitazama kwa huruma. Akanong'ona, "Baba, mimi nimepika cha kutosha ugeni mzima, wao ndio wamesema niwawekee kidogo kidogo, ndio utalii." Akachukua bakuli, akachota, akaninyooshea, nikanyoosha mkono wa kulia nipokee, na hapo hapo kosta ikapiga honi na Mama Zawadi anaita jina langu lote, yale ya kwenye NIDA. Mama wa watu akabaki na bakuli lake.

Njiani kurudi stesheni tumepita sehemu wanachoma mbuzi. Dodoma na mbuzi mnajua wenyewe. Dirisha lilikuwa wazi. Nikasema dereva simama dakika mbili tu, dogo akasema treni haisubiri mzee wangu. Kwa mara ya kwanza siku ile mzee wa kofia na mimi tulikuwa na mawazo mamoja, aligeuza shingo mpaka kofia ikaanguka, na sikusikia akitaja ngozi wala tumbaku.

Nilifanya jambo moja la akili, kiwandani nilinunua chupa mbili, nyekundu moja na nyeupe moja, hela yangu mfukoni, nikijua nikifika kwangu hakuna ndoo. Tumefika usiku, nikaoga, nikala zile chapati zilizobaki jikoni na chai, nikasema sasa. Naenda mezani chupa hazipo. Mama Zawadi ameziweka kwenye kabati la vyombo, nyuma ya zile glasi za harusi ambazo hazijawahi kuguswa na mdomo wa binadamu, amefunga kwa ufunguo. "Hizo za wageni." Nikamkumbusha dogo alisema nyeupe haipendi kukaa sana, inyweke mapema. Akasema na nyekundu je, si alisema ikikaa inakuwa nzuri? Basi zikae zote, zisije zikagombana.

Kwa hiyo natangaza hapa, mtu yeyote atakayekuwa maeneo ya Tabata jumamosi jioni apite kwangu. Aje kama mgeni kabisa, abishe hodi, avae vizuri, aulizie hali ya familia. Na akikaribishwa akiulizwa atakunywa nini asianze hizi heshima za maji tu yanatosha, nakuomba ndugu yangu, taja waini, na useme wewe huwezi kunywa peke yako.