Banda la ndege la mita 18: kenchi au boriti nzima?

Cessna Caravan 208B, ndege iliyozoeleka Arusha, Zanzibar na Wilson ya Nairobi, ina mabawa ya mita 15.88 ncha hadi ncha, na mkia wake unafika mita 4.7. Mwenye nayo akitaka banda lake binafsi anahitaji mita 18 zisizo na nguzo katikati. Ubishi huanzia hapo: kenchi ya engo za kuchomelea, au boriti nzima ya umbo la I?

Tuseme boriti zimeachana mita 5. Bati, papi za chuma na taa ni kama kN 0.25 (kilonewton; kN 1 ni kama uzito wa kilo 100) kwa mita ya mraba, na mzigo wa mafundi wanaopanda juu ni 0.6. Ongeza uzito wa boriti yenyewe, zidisha uzito wa kudumu kwa 1.35 na wa mafundi kwa 1.5 kwa ajili ya usalama, na kila mita ya boriti inabeba kama kN 7.3. Katikati unapata momenti, yaani nguvu ya kuikunja boriti, ya kNm 295.

Boriti ya 533x210 (kimo na upana kwa mm) yenye kilo 82 kwa mita inaimudu momenti hiyo. Uzito wa paa unaibonyeza mm 28, mzigo wa mafundi mm 41 zaidi. Zile 28 huondolewa kiwandani kwa kuikunja boriti kidogo kwenda juu. Kwa urefu wote ni kilo 1,476.

Kenchi yenye kina cha mita 1.5 inagawa momenti hiyo kuwa kN 197 kwa engo za juu na za chini. Engo mbili za 75x75x6, mgongo kwa mgongo, zinatosha, na kenchi nzima haizidi sana kilo 800. Watetezi wa kenchi husimama hapa, na hoja ni nzito, maana chuma hununuliwa kwa kilo. Ila kenchi hiyo ina viungo 26 vya kuchomelea na kukagua. Tena mkia lazima upite chini yake, kwa hiyo kuta zinapanda karibu mita nzima kuliko zingepanda kwa boriti.

Kinachosahaulika ni upepo. Mlango mkubwa ukiwa wazi, upepo unaingia na kusukuma paa kwa ndani huku ukilivuta kwa nje. Kwa upepo wa mita 28.5 kwa sekunde, nguvu ya kuinua hufika kama kN 0.8 kwa mita ya mraba, yaani kN 4 kwa kila mita ya boriti. Uzito wa kenchi na paa lake, bila taa, ni kN 1.2 tu kwa mita. Engo za chini, zilizopangwa kuvutwa, sasa zinasukumwa kwa kN 76, kabla ya kuzidisha kwa usalama. Zikiachwa huru mita zote 18, zinajipinda ubavuni kwenye kN 13. Zikishikwa kila mita 3 kwa vishikizo vya mshazari kutoka kwenye papi, zinastahimili. Boriti nzima nayo inahitaji vishikizo hivyo kwenye bapa la chini (ukingo mpana wa chini wa I), ingawa uzito wake unaisaidia kidogo. Mchoro usioonyesha vishikizo hivyo urudishwe, hata kama hesabu za mzigo unaoshuka chini ni safi.

Kwa banda moja la mita 18 ningechagua boriti. Kenchi naiona ikishinda mita 24 kwenda juu, au mchomeleaji akiwa wa kuaminika kweli.

Boriti nayo ina kero yake: chuma huja vipande vya mita 12, hivyo kiungo hakiepukiki. Wengi hukiweka mita 6 kutoka nguzoni wakidhani hapo mzigo ni mdogo, kumbe momenti bado ni asilimia 89 ya ile ya katikati. Bolti ziwe za kukazwa kwa msuguano, yaani zikazwe sana hadi vipande visiteleze. Kwenye kenchi iliyounganishwa katikati, bolti za kawaida za M20 (kipenyo cha mm 20) katika matundu ya mm 22 zikipwaya mm 2 kwenye engo za chini, kenchi inashuka mm 6 kabla haijabeba chochote.

Mlango utembee kwenye reli ya chini, na kiongozi chake cha juu kiachiwe nafasi ya mm 75 ya kupanda na kushuka. Bila nafasi hiyo, boriti ikibonyea inaulalia mlango, na ndege inabaki ndani.