Hujaicheza, Utajuaje?

Mjomba wangu aliendesha malori kati ya Dar es Salaam na Tunduma kwa zaidi ya miaka 20. Siku moja alimkuta mwanawe wa mwisho, binamu yangu, amekaa sebuleni anacheza Euro Truck Simulator 2, gemu ya kuendesha malori. Lori limebeba mzigo, limesimama kwenye taa nyekundu katika mji fulani wa Ujerumani, na kijana anangoja taa iwake kijani kwa utulivu ambao hajawahi kuuonyesha kwenye jambo lolote la nyumbani. Mzee akatazama kama dakika tano hivi, kisha akauliza: "Kwa hiyo umetoa hela ili upewe kazi?"

Binamu akamjibu kwa jibu ambalo kila mpenda gemu analo mdomoni: "Hujaicheza, baba. Utajuaje?"

Ubishi wote uko hapo. Kuna wanaosema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake: usiisifu gemu wala kuiponda mpaka uishike kwa mikono yako. Na kuna wanaosema nyota njema huonekana asubuhi: mtu mzima anajijua, ameshacheza gemu za kutosha, akimwangalia mwenzake kwa dakika kumi anaelewa kama hii itamkesheza au itamsinzisha. Mimi nimewahi kuwa pande zote mbili, ikitegemea nani analipa.

Ninavyoona, wote wanabishana kana kwamba kukisia "nitaipenda" na kukisia "sitaipenda" ni kazi moja. Gemu ili ikufurahishe, mambo mengi lazima yakubaliane kwa pamoja: hadithi, mwendo, ugumu, namna inavyokaa mkononi, muda ulio nao usiku huo. Ili ikukere, linatosha moja. Mimi nikicheza gemu ambayo unaona kwa macho ya mhusika, baada ya dakika 20 kichwa kinaanza kuuma, na hakuna sifa ya wahakiki itakayokiponya. Kwa hiyo "sitaipenda" ina haki ya kuaminiwa kuliko "nitaipenda". Ndivyo nilivyoamini kwa muda mrefu, na bado naamini kwa sehemu. Nina deni la maelezo hapo, nitalilipa mbele.

Tuanze na "nitaipenda", maana ndiyo inayokula pesa.

Tarehe 10 Desemba 1993 ilitoka gemu ya Doom. Watengenezaji wake, id Software, waliitoa bure sehemu ya kwanza kati ya tatu. Watu wakainakili kwenye disketi na kupeana, na aliyenogewa akaagiza zilizobaki. Hapakuwa na cha kukisia. Miaka 27 baadaye, tarehe ileile ya 10 Desemba, ikatoka Cyberpunk 2077 ya kampuni ya CD Projekt kutoka Poland. Nakala zaidi ya milioni 8 zilikuwa zimeshanunuliwa kabla mtu wa kawaida hajabonyeza kitufe kimoja. Wahakiki walipewa mapema nakala za kompyuta tu, na mwanzoni hawakuruhusiwa kuonyesha video walizorekodi wenyewe. Walitumia zile walizopewa na kampuni. Alama zikaja juu. Kisha wenye PlayStation 4 na Xbox One wakawasha mashine zao, wakakuta gemu inakwama, inajizima, na sura za watu zinachelewa kutokea kama picha kwenye intaneti ya kijijini. Haikupita hata wiki mbili, Sony, wenye PlayStation, ikaiondoa kwenye duka lake la mtandaoni na kurudishia watu fedha. Ilirudi dukani Juni 2021.

Ukiwauliza wale walionunua, wengi hawakukosea kuhusu ladha yao. Walitaka mji mkubwa wa usiku wenye taa na uhalifu, na ndicho kilichokuwemo. Walikosea kwa sababu walichoonyeshwa na walichouziwa vilikuwa vitu viwili. Tena trela, yaani video fupi ya kuitangaza gemu, hata ikiwa ya kweli kila sekunde, inazungumza na jicho, wakati raha ya gemu kwa sehemu kubwa iko mkononi. Ukimtazama mtu anakula ugali na dagaa utajua ana njaa, chumvi hutaijua.

No Man's Sky ilitoa funzo la namna nyingine mwaka 2016. Iliahidi ulimwengu wenye sayari kwa idadi isiyohesabika, na wachezaji wengi walitarajia kukutana na wenzao huko. Waliokutana walisimama mahali pamoja bila kuonana. Hasira ilikuwa kubwa. Watengenezaji wakanyamaza, wakafanya kazi, na Julai 2018 likaja toleo jipya lililowezesha watu kucheza pamoja sawasawa. Leo wengi wanaisifu. Sasa yule aliyesema mwaka 2016 kwamba ataipenda, alikosea au aliwahi mno? Na yule aliyeicheza wiki ya kwanza akaiponda, ana haki ya kuwaambia wengine "nimeicheza, najua"? Amelala kweli kwenye kitanda, lakini godoro limeshabadilishwa.

Alama nazo zina ubishi wake. Red Dead Redemption 2, iliyotoka Oktoba 2018, ina 97 kati ya 100 kwenye Metacritic, tovuti inayokusanya alama za wahakiki. Siwezi kuzipinga. Lakini gemu ile inaanza milimani kwenye theluji, farasi wanatembea polepole, watu wana njaa, na wewe unapaswa kuwa na subira yao. Nimeianza mara mbili, na mara zote mbili nimeishia kwenye theluji. Alama inakueleza kwamba waliocheza waliridhika sana, haikuelezi waliingia wakitafuta nini. Asilimia za sifa kwenye Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, zina kasoro hiyohiyo kwa nguvu zaidi, kwa kuwa wanaopiga kura pale ni walionunua, na anayenunua gemu ya malori kwa kawaida ni mtu ambaye tayari anataka lori. Euro Truck Simulator 2 inasifiwa na karibu kila aliyeipigia kura. Mjomba hayumo kwenye hesabu hiyo.

Hapa kuna utafiti unaonivutia ingawa hauhusu gemu hata kidogo. Mwaka 2009 mwanasaikolojia Daniel Gilbert wa Chuo Kikuu cha Harvard na wenzake walichapisha katika jarida la Science jaribio ambamo wanawake walikisia wangefurahia kiasi gani mazungumzo ya dakika tano na mwanamume wasiyemjua. Kuna waliooneshwa picha na maelezo yake. Wengine hawakupewa kitu ila alama aliyoitoa mwanamke mwingine aliyekwisha kuzungumza naye. Hao wa pili walikisia vizuri zaidi. Makosa yao yalipungua kwa karibu nusu. Kinachochekesha ni kwamba wengi, walipoulizwa, waliona picha na maelezo ndivyo vingewafaa zaidi. Kwa lugha yetu, trela ikashindwa na neno la jirani aliyekwisha kucheza, na bado watu wakataka trela.

Naukubali, kwa tahadhari. Mazungumzo ya dakika tano ni kitu kifupi, na mtu mchangamfu huwafurahisha wengi. Gemu inaweza kukuchukua saa 60, na katika hizo saa tofauti zetu zinapata nafasi ya kutosha kujitokeza. Kwa hiyo jirani yeyote hatoshi. Anatakiwa jirani ambaye unaijua ladha yake. Wala si lazima mfanane. Mshauri wangu mkuu ni rafiki mmoja ambaye hatujawahi kukubaliana. Akisema gemu inachosha, ina maneno mengi na haina risasi, naanza kutafuta hela.

Upande wa "icheze kwanza" una jibu la kisasa: siku hizi unaweza kujaribu na kurudisha. Tangu Juni 2015 Steam hukurudishia pesa ukiomba ndani ya siku 14 tangu ununue, mradi hujacheza zaidi ya saa mbili. Ni utaratibu mzuri, na umeniokoa zaidi ya mara moja. Ila saa mbili kwenye Red Dead ni theluji ileile, hujafika hata kwenye gemu wanayoisifu. Halafu kuna jambo ambalo waliotunga masharti hayo hawakuwa na sababu ya kulifikiria: gemu hiyo inadai nafasi ya GB 150 kwenye diski. Kwa anayeishi kwa bando, kuishusha tu ni gharama inayojitegemea. Pesa ya gemu itarudi, bando halirudi.

Sisi tulijaribu kwa njia nyingine. Nimekulia kwenye vibanda vya gemu, TV ya chogo, pedi imefungwa raba, shilingi 200 kwa mechi. Ukisubiri zamu ulikuwa unatazama, ukipata zamu unacheza, na hakuna aliyenunua kitu ambacho hajakishika, kwa sababu hakuna aliyenunua kitu. Nilikuwa nikidhani hiyo ndiyo njia safi kuliko zote. Baadaye nikagundua kwamba mwenye kibanda alikuwa ameshatuchagulia. Gemu isiyomshika mtu ndani ya dakika kumi ilikuwa hasara kwake, kwa hiyo tulipewa mpira na ngumi: FIFA, PES, Tekken, Mortal Kombat. Nilifika utu uzima nikiamini kwa dhati kwamba sipendi gemu za hadithi, wakati ukweli ni kwamba hakuna aliyewahi kuniwekea.

Na hapo deni langu limefika. Nilisema "sitaipenda" inaaminika zaidi. Kwa miaka mingi nilikataa kila gemu ya ukoo wa Dark Souls, zile zinazosifika kwa ugumu. Niliangalia watu wakifa, wakarudi, wakafa tena palepale, nikasema hapana, nina kazi ya kutosha. Mwaka 2022 ikatoka Elden Ring, gemu ya watengenezaji haohao, na nikaicheza kwa kuwa ilikuwepo kwenye mashine ya mtu niliyemtembelea na mvua haikukatika. Hatua chache kutoka mwanzo kuna mpanda farasi mwenye deraya ya dhahabu. Aliniua. Akaniua tena. Mara ya sita au ya saba nikaona kuna nafasi pembeni, nikampita kwa mbali, nikaenda zangu kuangalia magofu. Hakuna aliyenilazimisha kupigana naye. Miaka yote hiyo niliambiwa "ni ngumu", na ni kweli ni ngumu. Hakuna aliyeniambia kwamba unaweza kuuzunguka ugumu ukaurudia ukiwa na nguvu.

Kilichonisumbua baada ya hapo ni kitu kingine. Gemu niliyoinunua kwa makosa iko kwenye diski, inanisuta kila nikifungua kompyuta. Niliyoikataa kwa makosa haina pa kunisutia. Basi rekodi yangu nzuri ya kukataa inatoka wapi? Huenda ni nzuri kwa sababu haijawahi kukaguliwa.

Pamoja na hayo sihamii upande wa binamu moja kwa moja. Katika miaka ya karibuni Steam imekuwa ikipokea gemu mpya zaidi ya 10,000 kila mwaka. Hakuna awezaye kuonja zote, kwa hiyo kukataa bila kucheza ni lazima, na atakayekwambia "hujaicheza, utajuaje" naye amekataa maelfu wiki hiyohiyo bila kuzifungua. Ninachotenganisha sasa ni sababu. Kichwa changu kinachouma ni sababu. Mtoto mchanga ndani ya nyumba na gemu ambayo ukifungua menyu adui anaendelea kukushambulia, hiyo ni sababu. Umeme wa kukatika na gemu inayokuruhusu kuhifadhi ulipofika kila baada ya nusu saa, sababu nzito. Lakini "inaonekana inachosha" ni utabiri uliotolewa na jicho kuhusu mkono, na una udhaifu uleule wa trela, isipokuwa umegeuzwa.

Mjomba alikuwa na sababu ya aina gani? Ukimsikiliza, utaona alikuwa na ujuzi kuliko sisi sote: anayajua malori, anaijua barabara, anajua usingizi wa saa tisa usiku ukiwa na tani 30 nyuma yako. Hata hivyo vijana wa hapa wanaocheza Bus Simulator Indonesia kwenye simu, wakayapaka mabasi yao rangi za mabasi ya mikoani, nao wanayajua mabasi; wengine wamekulia stendi. Kuijua kazi hakukuwazuia kuicheza. Pengine ndiko kulikowaleta.

Jumapili moja binamu alitoka kwenda dukani akaliacha lori limesimama katikati ya barabara kuu. Mzee akavumilia kama dakika moja. Akasema analisogeza tu pembeni, si vizuri kuacha gari hivyo. Kijana aliporudi na mkate, lori lilikuwa linapanda mlima, baba yake ameinama mbele, pedi ameishika kama mtu aliyeshika sahani ya moto.

"Breki zake laini mno," alisema bila kugeuka. Akaenda kilomita chache kimya. "Hivi huku mizani iko wapi?"