Hasira kwa walanguzi ni halali, lakini nani alipanga bei na idadi?

Kila toleo la idadi maalumu linapotoka, iwe kadi ya kukusanya, sanamu ndogo, saa au sahani ya santuri, malalamiko ni yaleyale. Mauzo yamefunguliwa, ukurasa umeganda, dakika mbili baadaye bidhaa imekwisha, na kabla ya jioni imetundikwa kwenye masoko ya mtandaoni kwa bei mara mbili au tatu. Mashabiki wanawalaani walanguzi, na wana haki. Ila ulanguzi haustawi popote tu. Unahitaji mambo matatu yakutane: bei iliyo chini ya kile ambacho baadhi ya watu wako tayari kutoa, idadi ambayo kila mtu anajua haitoshi, na mauzo yanayoamuliwa kwa sekunde. Yote matatu hupangwa na mtengenezaji.

Tuanze na kasi, maana hapo ndipo shabiki wa kawaida anapopigwa bao. Mlanguzi mzoefu hakai mbele ya skrini akibonyeza. Ana programu inayochungulia ukurasa wa bidhaa mfululizo, na mauzo yakifunguka roboti yake inajaza jina, anwani na kadi ya malipo kwa kufumba na kufumbua, ilhali binadamu bado anaandika barua pepe yake. Kikomo cha "kimoja kwa kila mteja" hakimsumbui. Ana makumi ya akaunti, kila moja na kadi pepe ya benki yenye namba yake. Maombi yake yanapitishwa kwenye intaneti ya nyumba za watu wa kawaida ili yasionekane kutoka sehemu moja. Anwani ya kupokelea mzigo nayo inachezewa kidogo: hapa anaongeza namba ya ghorofa isiyokuwepo, pale anafupisha jina la mtaa. Mfumo wa duka unahesabu wateja 40, mleta mizigo anabisha hodi mlango mmoja.

Ndiyo maana kikomo kinachotazama akaunti peke yake ni cha maonyesho tu. Chenye kazi hulinganisha anwani zikishaandikwa kwa mtindo mmoja, namba ya simu na kifaa kilichotumika, kisha hufuta oda zinazofanana kabla mzigo haujatoka ghalani. Hilo lahitaji duka lijipe siku kadhaa kati ya malipo na kusafirisha, na maduka mengi hayataki, kwa sababu bidhaa iliyokwisha haraka ni tangazo la bure.

Walanguzi nao wana hoja, na si zote za kupuuzwa. Wanasema wanamfikishia bidhaa mtu aliye nchi ambayo duka halitumi mizigo, au aliyesikia habari wiki imeshapita. Wanasema pia wanabeba hatari, na hili ni kweli. Chukua kitu cha dola 100 kinachouzwa tena 140. Soko la mtandaoni likikata asilimia 13 zimeondoka dola 18, ufungaji na usafirishaji ukila 12, imebaki faida ya dola 10. Mtengenezaji akitoa mzigo mwingine na bei ikarudi 110, hasara ni ya mlanguzi. Ndivyo ilivyotokea Juni 2025 nchini China, kampuni ya vinyago ya Pop Mart ilipofungua oda nyingi za wanasesere wake wa Labubu: bei za mkono wa pili ziliporomoka.

Hoja yao inakwama mahali pengine. Anayesema anahudumia uhitaji ndiye huyohuyo aliyeondoa mzigo rafuni dakika ya kwanza. Na pengo la bei analochukua halimfikii aliyechora, aliyechonga wala aliyeimba. Mwaka 2014 mwanamuziki Paul Weller alijitoa Record Store Day, siku ya kuunga mkono maduka ya santuri, baada ya toleo lake la idadi maalumu kuishia kwenye minada ya mtandaoni kwa bei za kuruka. Kuna madhara mengine pia. Oktoba 2023 Jumba la Makumbusho la Van Gogh mjini Amsterdam lilisitisha kugawa kadi ya Pikachu, kikaragosi wa mchezo wa Pokémon, kwa sababu za usalama. Agosti 2025 McDonald's ya Japani iliomba radhi baada ya watu kununua milo ya watoto kwa wingi ili wapate kadi za Pokémon, chakula kikaachwa na kutupwa.

Sheria haisaidii sana. Ile ya Marekani ya mwaka 2016 dhidi ya roboti za kununulia inahusu tiketi. Ya Japani iliyoanza kutumika 2019 nayo ni ya tiketi. Kadi na sanamu hazimo.

Zinabaki mbinu za mauzo. Droo huondoa faida ya kasi, lakini bila uchujaji mwenye akaunti 40 ana kura 40. Nintendo ilichuja vizuri mwaka 2025 ilipouza mashine yake ya michezo ya video, Switch 2, kwenye duka lake nchini Japani: mwombaji alipaswa kuwa na saa 50 za kucheza kwenye Switch ya awali na mwaka mmoja wa uanachama wa kulipia. Saa 50 hazitengenezwi usiku mmoja kwa akaunti 40. Aliyeumia ni shabiki mpya, ambaye historia hiyo hana.

Dawa kali zaidi ni dirisha la oda: weka wiki kadhaa, pokea oda zote, tengeneza kulingana na hesabu. Good Smile Company, kampuni ya sanamu ya Japani, huuza sanamu zake nyingi hivyo. Anayetaka anapata, ila anasubiri miezi, na mlanguzi hana cha kushikilia mpaka dirisha lifungwe. Wizards of the Coast, watengenezaji wa mchezo wa kadi wa Magic: The Gathering, walianza hivyo na kadi zao za Secret Lair mwaka 2019, kisha 2024 wakahamia idadi iliyochapishwa mapema. Mizigo ikafika haraka, na manung'uniko ya bidhaa kuisha yakaanza.

Hapo ndipo mashabiki wenyewe wanapogawanyika, na jambo hili halisemwi vya kutosha. Mmoja anataka kitu chenyewe. Mwingine anataka kitu ambacho wengine hawana, na dirisha la oda linamnyima hicho hasa. Kwa bidhaa ya kiwandani, haki iko kwa wa kwanza. Kuzima mashine baada ya vipande 1,000 ni uamuzi wa kibiashara, na mashabiki wasiombwe kuuheshimu kama sanaa. Kazi ya mkono iliyosainiwa ni jambo jingine: uchache wake ni wa kweli, na droo iliyochujwa inatosha.

Kabla ya kumlipa mlanguzi, soma tangazo la bidhaa kwa makini. Likitaja idadi kamili na kuahidi kwamba haitarudiwa, bei huenda isishuke. Lisipotaja idadi, usinunue wiki ya kwanza. Saa za MoonSwatch, zilizotolewa na Swatch pamoja na Omega Machi 2022, zilipiganiwa kana kwamba zingekwisha, Swatch ikaeleza kwamba hazikuwa toleo la idadi maalumu, na kadiri mzigo ulivyoendelea kuingia madukani, bei za walanguzi zikashuka.